Kifurushi cha Mama Mushiya

Gare ya Kolwezi,
mwezi wa nne, 1993

Yaya Godelieve, dada yangu mkubwa mpendwa,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako Ndaya, Mama Jeancy, jirani yako wa ukuta mmoja. Natumaini barua inakukuta mzima, wewe na mumeo Tata Mbuyu na binti yenu Mado, na kwamba mguu wako umepungua kuvimba. Bado unausugua kwa mawese na chumvi, au umerudia uvivu wako? Ukiniuliza habari zangu, nitakujibu kama tunavyojibu wote hapa gare, kwenye kituo hiki cha treni: tuko. Uzima ni neno kubwa, lakini tuko.

Kabla hujasoma mbele, nifanyie mambo mawili. Mtu aliyesimama mlangoni kwako ni Mama Henriette, muuza makala, mkaa wa jikoni. Ni mtu wa hapa hapa Katanga, usimwogope. Mtoto aliye mgongoni kwake ni Mignonne wangu. Mpokee, mpe maji yaliyochemshwa, mlaze. Halafu Mama Henriette ana kifurushi kidogo cha kitenge cha bluu. Kipokee kwa mikono miwili, shukuru, kisha kiweke juu ya kabati mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Usikifungue mbele ya Mama Henriette, na Mado asikiguse. Sababu nitaifikia. Sina nguvu ya kuanza nayo.

Ninakuomba umweke Mignonne, Yaya. Nasema wazi toka mwanzo ili usisome huku ukijiuliza huyu anazunguka nini. Umweke mpaka treni yetu ije, au mpaka watu wapoe mioyo, au mpaka akue akuite wewe mama. Mwisho wake siujui. Najua ninachokuomba. Najua vijana wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kaficha Mkasai, sisi tunaofukuzwa turudi Kasai. Hofu ya Tata Mbuyu naijua pia. Siku ile walipotutoa nje wakiimba kwamba sisi ni bilulu, wadudu wa kufagiliwa, hakufungua hata dirisha, na mi sikumlaumu, kwa sababu unga tuliokula mwanzo hapa gare uliletwa na baiskeli yake. Huyo mtoto mwite Mignonne tu. Jina lake la Kikasai, Muamba, liache huku kwetu. Na ukimsikia anaita kaku, usishtuke, anamtafuta bibi yake. Mfundishe polepole aseme nkambo, kama watoto wa kwenu.

Sasa habari. Tuko wengi hapa kupita soko la siku ya mshahara. Waliowahi kufukuzwa, kama ni bahati kuwahi kufukuzwa, walipata nafasi chini ya paa. Sisi tuna turubai kati ya reli na ukuta, na mvua za mwisho zimekataa kuisha. Treni wanaitangaza kila mara. Ikija, ina mabehewa machache ya madini, wenye nguvu wanapanda hadi juu, na sisi wenye wazee na watoto tunabaki na masufuria yetu. Mume wangu Tharcisse alichoka kukaa juu ya sanduku akiwa amevaa shati lake la ofisini. Alikwenda Tenke pamoja na wanaume wengine, kwa mguu, kusikia kama kule wanapakia watu vizuri zaidi. Hajarudi. Aliondoka akiwa baba wa watoto wawili.

Ndiyo, Yaya. Jeancy amekufa. Nimeandika sentensi hii kwanza juu ya karatasi nyingine nione kama mkono utakubali. Ulimkata wewe kitovu, kwa hiyo una haki ya kusikia kutoka kwangu na si kutoka kwa muuza makala. Hapa wote wanajua kwamba alikufa kwa tumbo, kama watoto wengi wa gare. Alianza kutapika asubuhi, jioni macho yakawa yameingia ndani, na kabla ya jua la pili alikuwa ameisha. Sista wa zahanati alijaribu. Tumemzika ng'ambo ya reli, na wanaume wamepanga mawe meusi juu yake ili nipajue. Lia kidogo, halafu endelea kusoma, kwa sababu sijamaliza.

Mama mkwe wangu, Mama Mushiya, yuko nami. Unamkumbuka, yule aliyekuwa anakusahihisha namna ya kusonga bukari ndani ya jiko lako mwenyewe. Ulikuwa unaniuliza ninaishije naye, na mi nikakujibu kwamba mdomo wake ni shoka lakini mikono yake ni mito ya kulalia. Njo vile alivyo mpaka leo. Amekonda sana. Kitenge kinamzunguka mara mbili zaidi ya zamani, na bado ananiambia sufuria yangu haijang'aa.

Kazi yangu nayo imenifuata mpaka huku. Ulikuwa unanicheka kwamba mi nilizaliwa pua kwanza, mwili ukafuata nyuma. Lakini miaka yote ile niliyonunua samaki wa Nzilo nikiwauza sokoni, hakuna aliyewahi kunirudishia samaki aliyeoza, hata mahasidi wangu watasema hivyo. Hapa gare chakula kinachotufikia ni kile kilichochoka njiani. Ni unga ulionyeshewa, ni maharage ya misheni yaliyopikwa asubuhi yakagawiwa jioni, ni samaki wakavu waliosafiri kutushinda sisi. Siku za mwanzo mwanamke mmoja aliniletea sufuria, akaniomba ninuse kabla hajawapa watoto wake. Nikanusa, nikamwambia. Baada ya hapo wakaja na wengine, mpaka wakaniita Mama Pua, na watoto wakawa wananyoosha vidole kuwaonyesha wageni turubai langu.

Unaukumbuka ugomvi wetu wa bukari ya jana? Kwako wewe kila kitu kilichopitisha usiku kilikuwa kimeoza, unawamwagia kuku. Mi nikakuambia, Yaya, kuoza ni neno la mwisho, usilipoteze ovyo. Bukari ya jana imelala tu, na kilicholala kinaamshwa kwa moto. Unga hauozi, unavunda, na ukiuanika vizuri juani unaweza kukusamehe. Mboga inanyauka, na hiyo ni aibu ya mpishi tu, haimuui mtu. Maharage yakichacha, mtu mzima anaweza kujaribu bahati yake akiyachemsha upya na kumwaga maji ya kwanza, lakini mtoto hapana. Samaki peke yake ndiye hana ngazi za kushukia, leo ni mzuri, kesho ni sumu. Siku ile baba yako katekista, Mungu amlaze pema, alikaa mezani kwangu akaila hiyo bukari pamoja na chai, akakuambia kwa Kiswahili chake cha kandokando ya ziwa kwamba hicho kinaitwa kiporo, na kiporo ni ushahidi kwamba jana nyumba hii ilikula. Ulinuna mpaka jioni.

Basi maneno yale ya kuchekeshana yamegeuka hukumu. Nikisema imelala, watoto wanakula. Nikisema imeoza, sufuria inamwagwa, watoto wanalala na njaa, na mama yao ananitazama kama mimi ndiye niliyeiharibu. Wakaanza kunibembeleza neno. Mmoja alinishika mkono akaniambia Mama Pua, mi najua, wewe useme tu imelala. Alikuwa amenusa mwenyewe na alikuwa ameelewa, alitaka tu kinywa kingine kibebe jambo lile. Kwa watu wazima nililegea mara nyingi. Nilisema imelala mahali pa kusema imechacha, na imechacha mahali pa kusema lile la mwisho. Kwa watoto sikulegea, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini siku hizi hulisikii tena neno kuoza hapa gare. Si kwamba chakula kimekuwa kizuri. Watu hawawezi tena kulitamka.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuniletea chakula ninuse, naye ni Mama Mushiya. Aliwasifu wengine kwa kuniletea. Aliwaambia wanawake wote kwamba mwanawe alioa pua ya dhahabu, na mi nikashangaa, kwa sababu mbele yangu hakuwahi kunisifu hata kwa chumvi. Lakini yeye mwenyewe hakuniletea, na mi nisingethubutu kumwomba. Mambo ya ukwe ya kwetu unayajua, uliyaona pale nyumbani ukayacheka. Chakula kilichotoka mikononi mwa mama wa mume wako, unapiga magoti, unapiga makofi ya shukrani, unakila. Kukipeleka puani mbele yake ni sawa na kusimama katikati ya watu ukamwita mulozi, mchawi. Ni kumwambia umewapikia wajukuu wako sumu. Mwanamke aliyefanya hivyo anarudishwa kwao, na mama mkwe aliyefanyiwa hivyo hali tena nyumbani kwa mwanawe mpaka afe.

Sasa nimefika kwenye kifurushi, Yaya. Kaa chini.

Mama Mushiya hali. Nilichelewa kuligundua. Kila tukigawa, anachukua sehemu yake, anageuka upande kama wazee wenye haya ya meno, anatafuna hewa. Chakula chenyewe anakifunga kwenye pembe ya kitenge chake na kukiweka kifuani, chini ya blauzi, kisipoe. Anakilimbikiza mle, kidogo cha leo juu ya kidogo cha jana, mpaka kiwe tonge la kumshibisha mtoto. Ndipo anamwita mjukuu kando, anamlisha kwa mkono wake mwenyewe, na uso wake unakuwa uso wa msichana.

Siku ile alimwita Jeancy. Nilikuwa nimekaa karibu, ningeweza kuwagusa wote wawili. Alifungua kitenge. Ilikuwa bukari, maharage kidogo na kipande cha samaki, vyote vimekandamizana kwa joto la mwili. Aliponyanyua tonge, niliona uzi. Unajua uzi ninaousema, ule ute mwembamba unaovutika kati ya kidole na chakula. Macho yangu yaliona, na pua yangu ilitaka kwenda pale yenyewe. Harufu ilinifikia nusu nusu, moshi wa makala ulikuwa mwingi, na mi nilihitaji kuinama kidogo tu, kiasi cha mtu anayefunga kiatu. Mama Mushiya akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya, alikuwa anasubiri nipige makofi.

Wanasema mwenye njaa hana miiko. Uongo. Mi nilikuwa na njaa mpaka masikio yanalia, na mwiko wangu ulikuwa umesimama pale pale. Nilifikiria kumsukuma kama kwa bahati mbaya, kifurushi kianguke kwenye matope. Nilifikiria kumwita Jeancy nimtume maji. Na nikwambie lote, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inafurahi kwamba leo mtoto anakula samaki. Nikajiambia labda imelala tu. Mi, ambaye niliwakatalia wanawake wa gare nzima neno hilo, nilijibembeleza mwenyewe nikakubali. Nikapiga makofi. Jeancy akala yote, akamwambia kaku wake asante, akalamba vidole.

Hayo mengine nimekwisha kukuandikia.

Mama Mushiya hajui. Alimlilia Jeancy mpaka sauti ikakatika, akalaani wale vijana, akalaani reli, akalaani maji ya bomba la gare. Alipomaliza alinishika kichwa, akanifariji kwa kusema angalau mwanangu hakuondoka na njaa, kwa sababu yeye alikuwa amemlisha. Niambie wewe, ningejibu nini? Nikimwambia ukweli, hatamaliza juma. Nikinyamaza, anaanza tena. Na ameanza tena. Sasa analimbikiza kwa ajili ya Mignonne.

Nimejaribu kila njia ambayo si tusi. Nilisema Sista ameamuru mtoto anywe uji peke yake. Mama Mushiya akaitikia vizuri, akasema Sista ana akili, na kesho yake nikakuta midomo ya mtoto inang'aa mafuta na inanuka samaki. Nikamfunga Mignonne mgongoni kutwa nzima. Nilipokwenda kuteka maji mtoto akabaki naye, na niliporudi alikuwa anatafuna. Jana niliingiza kidole kinywani mwa mwanangu nikamtoa tonge, nikasema ni mwiba wa samaki. Mama Mushiya aliuogopa sana mwiba ule. Aliniomba msamaha, Yaya. Akasema macho yake hayaoni vizuri, mara nyingine atachambua vizuri zaidi. Niliingia chini ya turubai nikauma kanga yangu nisisikike.

Siwezi kumwacha bibi kizee huyu peke yake hapa. Siwezi kuondoka Tharcisse asije akatukosa, na akirudi sijui nitamwambia mama yake alifanya nini, au nitamwambia mi nilifanya nini. Sina njia ya kumtenganisha mtoto na mkono ule isipokuwa kumtoa gare. Watu wote, na Mama Henriette pia, nimewaambia ninampeleka kwako kwa sababu ya surua. Surua ipo kweli, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Wewe pekee unajua kwamba ninamkimbiza mtoto wangu kutoka kwa mtu anayempenda kuliko tumbo lake mwenyewe. Nikijisikia ninavyosema hivyo naona kama nimepotewa na akili, lakini nimelipima kila upande na ndivyo lilivyo.

Asubuhi hii, nilipokuwa namfunga Mignonne mgongoni kwa Mama Henriette, ambaye bado anaingoja barua hii, Mama Mushiya alikuja taratibu. Alimfungia mtoto ushanga wake wa kiunoni, akampulizia mate kidogo kichwani kumbariki, halafu akaingiza mkono kifuani akatoa kifurushi. Kitenge cha bluu ni pembe ya kitenge chake cha harusi ya mwanawe, amekichana. Akamwagiza Mama Henriette kwamba ni cha mtoto, akifika tu alishwe, njia ni ndefu. Nilikuwa najua ni chakula cha siku ngapi zake. Nilipiga magoti kwenye kokoto nikapiga makofi.

Kwa hiyo kikifika kwako, Yaya, subiri wageni waondoke. Usiwamwagie kuku. Nakujua, lakini hiki usiwamwagie kuku. Chimba shimo nyuma ya nyumba, pale tulipokuwa tunatupa magamba ya samaki, ukifukie kwa heshima, maana mle ndani kuna nyama ya mwili wa mama yule, kila tonge ni siku aliyokataa kula. Kitenge kifue, umwekee Mignonne. Akiwa mkubwa umwambie kaku wake alimfungia chakula cha safari. Usimwambie zaidi ya hapo.

Nina ombi jingine, na ndilo limenifanya nikuandikie kwa kirefu namna hii. Mama Henriette atarudi hapa na makala yake. Mama Mushiya atakuwa amekaa kwenye jiwe lake kando ya reli, akimsubiri; hata sasa hivi ninapoandika, kabla hajaondoka, amekwisha kukaa pale. Tafadhali mwambie Mama Henriette, kwa kinywa chako mwenyewe ili alibebe kama lilivyo: mtoto amefika, amefungua kifurushi, amekula yote, amelamba vidole. Wewe husemi uongo, najua, baba yako alikulea hivyo. Nisemee huu mmoja. Labda akisikia mtoto ameshiba, na yeye atakula.

Nisalimie Tata Mbuyu, umwambie nimemwelewa hata akikataa. Msalimie Mado, amwachie Mignonne yule mwanasesere wake wa nguo alale naye. Nisalimie na nyumba yetu ukiipita, kama bado ina mlango. Sisi huku tunaendelea kusikiliza reli. Mungu akuponye mguu.

Mimi mdogo wako asiyekusahau,
Ndaya, Mama Jeancy